Ruwej wa Musumba: heshima aliyopewa na huzuni aliyoibeba



Sisi tunaotumika hapa Musumba hatumalizi juma bila kulisikia jina la Ruwej. Hutajwa penye kilio, hutajwa penye ndoa, na wazazi wengine humpa binti yao jina hilo siku ya ubatizo. Mwezi wa tatu, akina mama wanapovaa vitenge vya sare kwa ajili ya siku yao, wasemaji humsifu kuwa mwanamke mweusi aliyetawala kabla Mzungu hajafika bara. Tunapiga vigelegele, tunaimba, halafu tunarudi nyumbani kula bukari.

Sifa hiyo ni ya haki. Lakini miaka ya kuketi na akina mama wa ushirika wetu imetuonyesha kwamba tumekuwa tukisimulia nusu tu ya maisha yake. Tunasimulia jinsi alivyopata utawala, tunaruka mambo yaliyomuumiza. Kwa hiyo tunaandika hapa maisha yake yote, kwa faida ya ndugu na dada wa makanisa ya mashariki ambao pengine wamelisikia jina tu.

Kwa ninyi mlioko Bukavu, Goma, Uvira, Bunia na Kalemie, Musumba iko katika teritware ya Kapanga, jimbo la Lualaba, mbali upande wa kaskazini-magharibi ya Kolwezi, kuelekea mpaka wa Angola. Kolwezi inajulikana kwa shaba na kobalti. Musumba inajulikana kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Neno lenyewe musumba maana yake ni mji mkuu wa mfalme. Zamani kila Mwant Yav alijenga wa kwake, na mji ulipangwa kwa mfano wa kobe, wenye kichwa na mkia. Kutoka bonde la mto Nkalany, utawala huo ulienea katika karne ya 18 na ya 19 hadi ndani ya nchi zinazoitwa leo Angola na Zambia, na Kazembe wa Luapula alitoka kwake.

Habari za Ruwej zimetufikia kwa midomo ya wazee. Katika miaka ya 1880 Mreno Henrique Dias de Carvalho alifika huku na kuziandika, na baada yake wanahistoria wengi wamezichunguza. Wengine huyaweka maisha yake karibu na mwaka 1600. Wengine husema simulizi hii ni namna ya wazee kueleza jinsi koo mbalimbali zilivyoungana kuwa taifa moja. Majina pia hutamkwa kwa namna nyingi: Ruwej huku kwetu, Rweej au Lueji kwingine. Sisi tunayasimulia maisha yake jinsi yanavyosimuliwa na wengi.

Mkeka, malafu na kifo cha baba

Baba yake aliitwa Nkond, mkuu wa watu waliokaa kando ya Nkalany. Alikuwa na wana wawili, Kinguri na Chinyama, na binti huyo Ruwej. Wana walipenda pombe na ugomvi, na mzee alihuzunika kwa ajili yao.

Siku moja Nkond alikuwa ameketi akisuka mkeka. Kando yake palikuwa na chombo cha maji alimoloweka nyuzi, na maji hayo yalikuwa yamegeuka meupe kama malafu, ile pombe ya mitende. Wana wakarudi wamelewa. Wakaona chombo, wakadhani baba yao anajificha na kinywaji, wakadai wapewe. Mzee akawaeleza kwamba yale yalikuwa maji tu. Hawakumsadiki. Wakampiga, wakamwacha chini, wakaenda zao.

Ruwej ndiye aliyemkuta. Ndiye aliyemwinua, akamwosha damu, akamlisha, akakaa karibu naye siku zote alizobakiza. Kabla ya kufa, Nkond aliwaita wazee wa nchi. Mbele yao alitangaza kwamba wana wake wamejiondoa wenyewe katika urithi, na rukan itavaliwa na Ruwej. Rukan ni bangili ya utawala iliyosukwa kwa mishipa, na hadi leo hakuna anayeitwa Mwant Yav bila kuivaa. Basi Ruwej akaivaa angali kijana, wazee wakamsaidia kuongoza.

Hapa ndipo wasemaji wetu wa mwezi wa tatu huanza kushangilia, na sisi pia tunashangilia. Tunakumbuka binti watano wa Selofehadi katika Hesabu 27, waliosimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamenena haki. Sheria ya nchi yetu nayo iko upande huo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 huwahesabu watoto wote wa marehemu kuwa warithi, wa kike na wa kiume. Mwaka 2016 kanuni hiyo ilirekebishwa, na mke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufungua akaunti ya benki, kusaini mkataba au kwenda mahakamani. Hata hivyo tunajua wajane na mabinti wangapi bado wananyang'anywa shamba na nyumba siku chache baada ya mazishi, huku viongozi wa kanisa wakiketi kwenye viti vya mbele. Nkond alifanya jambo ambalo baba wengi Wakristo hawajafanya: alisema mapenzi yake wazi, mbele ya mashahidi, angali hai.

Lakini tusikimbilie bangili. Tumwangalie msichana huyu. Katika siku hizo chache alimkuta baba yake amepigwa, akajua waliompiga ni ndugu zake wa tumbo moja, akamuuguza, akamzika, na papo hapo akabebeshwa nchi nzima. Wazee hawasimulii kama usiku alipata usingizi. Hawasimulii kama mtu alimwuliza. Mtu aliyeona damu ya mzazi wake haachwi na picha hiyo kwa sababu amevikwa heshima. Ninyi mnaohubiri Beni, Rutshuru au Fizi mnalijua hilo kuliko sisi. Mna vijana waliowazika wazazi asubuhi, na jioni wakawa wazazi wa wadogo zao.

Mwindaji kutoka kwa Waluba

Baada ya muda alifika mwindaji mgeni pamoja na watu wake. Jina lake Chibind Ilung, mwana wa nyumba ya kifalme ya Waluba. Alikuwa amehama kwao kwa sababu ya ugomvi wa jamaa. Wanasimulia kwamba alikutana na Ruwej kando ya Nkalany, akawagawia watu wake nyama, na upole wake ukawapendeza. Ruwej akampenda, wazee wakakubali, wakaoana.

Kinguri na Chinyama hawakufurahi. Kumwona dada yao akitawala kulikuwa kugumu kwao, na kumwona mgeni kando yake kulizidi. Lakini ndoa ilisimama.

Tunalitaja hili kwa sababu lina uzito kwetu sisi wa Lualaba. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao Waluba, walifukuzwa kwa maelfu mengi kutoka Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni za gari la moshi wakingoja safari, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wameimba pamoja katika kwaya zetu. Kumbe nyumba ya kifalme ambayo sisi Walunda tunajivunia ilianzishwa na ndoa ya mwanamke wa Kilunda na mwanaume aliyetoka kwa Waluba, tena mkimbizi. Ruwej alimfungulia mgeni mlango katika siku ambazo mwenyewe alikuwa na jeraha lililotoka kwa watu wa nyumba yake.

Siku za kutengwa

Kisha inakuja siku ambayo watu wa Musumba wanaijua sana. Kwa desturi ya wakati ule, mwanamke aliye katika siku zake za mwezi alijitenga, na vitu vitakatifu vya utawala havikupaswa kuguswa naye. Ruwej alipoingia katika siku hizo alilazimika kuivua rukan. Akampa mume wake. Wengine husema alimpa aitunze tu mpaka siku zitakapokwisha. Wengine husema aliamua kwa makusudi kwamba tangu siku ile yeye ndiye atawale. Kwa vyovyote, bangili haikurudi mkononi mwake.

Ndugu zake waliposikia kwamba rukan iko mkononi mwa mgeni, walikasirika, wakakusanya watu wao, wakaondoka. Kinguri alikwenda magharibi, na watu wa Kasanje huko Angola humtaja yeye kuwa chanzo chao. Chinyama alikwenda kusini-magharibi, na Waluvale humtaja yeye. Hivyo Ruwej, aliyekwisha kumpoteza baba kwa mikono ya ndugu, sasa akawapoteza na ndugu wenyewe. Hakuna simulizi tunayoijua inayosema waliwahi kurudi wakapatana naye. Miaka ya 1880 Wachokwe, ambao nao huhesabu asili yao katika nyumba hii hii, waliivamia Musumba na kuiharibu. Leo wazee wa pande zote mbili hujitaja kuwa watoto wa nyumba moja, na sisi tunashukuru kwa ajili ya hilo.

Tukubali kuitazama sababu iliyomvua Ruwej bangili. Hakukosa akili ya kutawala. Hakukosa haki. Mwili wake ulifanya kile Mungu alichouumbia, basi. Tunasema hili kwa aibu, maana yako makanisa, na letu lilikuwa mojawapo, ambamo mama aliye katika hedhi hujiona hafai kukaribia meza ya Bwana, kushika Biblia madhabahuni au kuongoza maombi. Hakuna aliyeliandika katika kanuni, lakini kila msichana alilijua. Katika Marko 5 mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alimgusa Bwana wetu katikati ya umati, naye Bwana hakumkemea. Alimwita binti, akamruhusu aende kwa amani. Tulipofundisha sura hiyo kwa uwazi mbele ya wanaume na wanawake pamoja, baadhi ya akina mama wazee walilia. Walikuwa wamebeba aibu hiyo tangu ujana.

Mama asiyekuwa na mtoto

Pigo la mwisho katika maisha ya Ruwej ni hili: hakuzaa. Kwetu hamhitaji maelezo. Mwanamke asiyezaa husemwa penye maji, husemwa shambani, na mara nyingi huhesabiwa mchawi. Kwa malkia ilikuwa zaidi, kwa kuwa nchi nzima ilingoja mrithi.

Ruwej akafanya alichofanya Sara katika Mwanzo 16. Alimtafutia mume wake mke mwingine, jina lake Kamong Lwaz. Kamong akamzalia Chibind Ilung mwana, Luseng. Mwana wa Luseng, Naweji, ndiye aliyeutanua utawala, na katika ukoo huo cheo cha Mwant Yav kimekaa. Ruwej aliishi akiyaona hayo, pembeni ya kiti alichokikalia zamani.

Wasemaji wetu humsifu hapa kwa kujinyima. Sisi tulifanya vivyo hivyo, tena kwa hasara ya mtu aliye hai. Tuliungame.

Katika ushirika mmoja tulioutumikia kulikuwa na mama tuliyemtegemea kwa kila kitu. Aliongoza chama cha akina mama, alishika sanduku la likelemba, alipika kwa ajili ya wageni wa konferensi. Alifiwa na mtoto wake wa pekee. Miaka ilipita hakupata mwingine, na mume akaleta mke wa pili. Tulimtembelea mara moja. Tukamwambia awe na nguvu kama Ruwej, aliyempa mumewe mke kwa mikono yake mwenyewe. Tulidhani tumemfariji. Baada ya wiki chache aliacha kuja ibadani. Hakulala, hakula, hakuoga, hakujibu salamu. Tukasema ni pepo. Tukafanya maombi ya usiku kucha siku tatu mfululizo, na baadhi yetu wakamwambia kwamba imani yake imepungua.

Aliyemsaidia alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mshirika wetu wa kawaida anayeketi viti vya nyuma. Alikwenda nyumbani kwake mchana, akaketi naye jikoni, akamwuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuuliza: tangu lini halali, anawaza nini usiku, kama amewahi kutamani kufa. Jibu la swali la mwisho lilikuwa ndiyo. Muuguzi akampeleka kwa daktari. Mama huyo alitumia dawa kwa miezi mingi, na wakati huo huo wanawake wawili walipangiwa zamu ya kumtembelea, kumsaidia kuchota maji na kumsikiliza bila kumhubiria. Leo yupo kati yetu. Anaimba, ingawa sanduku la likelemba amelikataa, naye ana haki ya kulikataa.

Tangu hapo hatuwezi tena kulitumia jina la Ruwej kama fimbo ya kuwachapia wanawake waliochoka.

Alichofanyiwa Ruwej na watu wake

Sasa tuseme jambo jema ambalo Walunda walimfanyia, maana maisha yake hayakuishia kwenye kupoteza.

Walunda wana desturi kwamba mtu mkuu akifa, anayemrithi huchukua cheo, jina na hata undugu wake. Kwa desturi hiyo Ruwej hakuruhusiwa kutoweka. Cheo chake kiliwekwa, kinaitwa Swan Murund, na mwanamke anayekishika huhesabiwa kuwa mama wa Walunda wote. Kamong Lwaz naye aliachiwa cheo, kinaitwa Rukonkesh, mama wa mfalme. Wageni kutoka Ulaya waliofika Musumba katika karne ya 19, kama Mjerumani Paul Pogge mwaka 1875, walishangaa kumkuta Rukonkesh akiwa na baraza lake, watu wake na sauti yake katika kuchaguliwa kwa mfalme. Hawakuwa wameyaona hayo kwao.

Angalieni jinsi wazee walivyolitengeneza jambo hili. Mwanamke ambaye hakuzaa alifanywa mama wa taifa. Hawakungoja azae kwanza ndipo wamhesabu. Aliyezaa na asiyezaa waliwekewa viti katika baraza moja. Hata ng'ambo ya mpaka jina lake limeheshimiwa: chuo kikuu cha serikali ya Angola kilicho Dundo, katika Lunda Kaskazini, kinaitwa Lueji A'Nkonde, yaani Ruwej binti Nkond. Vijana wa kike na wa kiume hupokea vyeti vyao vyenye jina la msichana aliyeosha majeraha ya baba yake.

Biblia yetu inaifahamu njia hiyo. Nabii Isaya katika sura ya 56 anatoa ahadi ya Mungu kwa wasiozaa, kwamba watapewa ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko wana na binti. Wazee wa Nkalany hawakuwa na kitabu hicho, ila katika jambo hili walitenda kama watu waliokisoma. Sisi tunacho, na bado kuna makanisa ambamo mama asiye na mtoto hapewi hata nafasi ya kuwafundisha watoto shule ya Jumapili.

Lakini cheo kililetwa ili kulitunza jina lake baada yake. Akiwa hai, nani aliutunza moyo wake? Swali hilo simulizi halijibu, na kwa hiyo limebaki kuwa kazi yetu kwa walio hai.

Mambo ya kutenda

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika nchi zilizopitia vita katika miaka kumi iliyotangulia, mtu mmoja kwa watano hivi ana ugonjwa wa akili wa aina fulani, kuanzia hofu na huzuni nzito ambayo madaktari wetu huiita depresio, hadi magonjwa makali zaidi. Depresio huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Hesabuni watu katika mabenchi yenu Jumapili ijayo, mgawanye kwa tano. Hapa Lualaba nasi tuna vita yetu: Kapanga ilivamiwa mwaka 1977, Kolwezi mwaka 1978, na leo akina mama wengi wanaosha mawe ya madini mtoni na watoto mgongoni, wakiwangoja waume walioshuka mashimoni.

Katika 1 Wafalme 19 Eliya alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtumia malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Mazungumzo juu ya kazi yalikuja baadaye. Tunawaomba wachungaji wenzetu wafuate mpangilio huo.

Kwanza, tumwulize mama anayetumika sana kama analala. Tumwulize faraghani, pamoja na mke wa mchungaji au mama mzee anayeaminika, na tungoje jibu. Akisema anawaza kufa, asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo tutafute muuguzi au daktari. Kumwuliza jambo hilo hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kulisema.

Pili, maombi na dawa vitembee pamoja. Ninyi wa mashariki mna mfano bora kuliko wetu. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, huwatibu wanawake waliotendewa ukatili mwilini na pia moyoni. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Bukavu kuna SOSAME, na Goma Tulizo Letu, nyumba za kutunza wagonjwa wa akili zilizo chini ya ndugu zetu Wakatoliki. Kumpeleka mtu huko si kumkana Kristo.

Tatu, vyama vya akina mama viwe mahali pa kupumzika pia. Akina mama wa Kipendano, kama ndugu zetu Wamethodisti wanavyokiita chama chao, wameanza katika parokia kadhaa kutenga saa moja isiyo na ripoti, michango wala mapishi. Mtu husema lililo moyoni, wengine husikiliza, na yaliyosemwa hayatoki nje. Tumeliiga jambo hilo, na wanaokuja huongezeka.

Nne, tuwape wanawake nafasi kabisa, siyo kwa siku moja ya mwezi wa tatu. Mama anayepika katika konferensi aketi pia katika halmashauri inayopanga bajeti ya konferensi. Tumeona kwamba mtu anayebeba mzigo bila kuwa na neno juu yake huchoka upesi kuliko mwenye neno.

Tunamaliza kwa kumrudia Ruwej. Wakati mwingine jioni tunapita karibu na mto ambao wazee husema aliuona kila siku. Tunawaona wasichana wakichota maji na kucheka. Mmoja wao anaitwa Ruwej, ni wa darasa letu la katekisimu. Tunamwombea apate elimu, urithi wake usiguswe, na apate nafasi katika baraza. Tunamwombea pia kwamba siku atakapolia, awepo mtu wa kuketi naye jikoni.

Bwana awabariki na kuwalinda, ninyi na mama zenu na binti zenu. Tuombeeni nasi huku Musumba.